Shotistopu au besi ya kwanza: nani ana thamani zaidi?

Habari zenu ndugu zangu, Kampala, Lugazi, Jinja, Mbale, na nyie wa Gulu. Leo kwenye besiboli tunaingia katikati ya uwanja kwa wachezaji wanne wa ndani, kila mmoja akiitwa kwa besi, yaani kituo anachokanyaga mkimbiaji, anayoilinda: besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na shotistopu, yule anayelinda eneo la kati ya besi ya pili na ya tatu. Kwetu Uganda sifa zinawaendea warushaji, wanaomrushia mpigaji mpira, na wadakaji, wanaokaa nyuma yake, na siwalaumu mashabiki. Umar Male na Ben Serunkuma, waliosajiliwa na Dodgers, timu ya ligi kuu ya Marekani, mwaka 2022, ni warushaji. Dennis Kasumba, aliyechezea timu ya Frederick Keys ya Marekani mwaka 2023, ni mdakaji. Hawa wanne wa ndani tunawapima ovyo, na kosa kubwa ni moja: kocha anasema, “Kijana wangu wa besi ya kwanza anapiga kuliko shotistopu wangu, basi ndiye bora.”

Mkungu wa matoke ni uleule, lakini Mbarara una bei yake na Kampala una bei yake. Mpigaji naye ni hivyo hivyo. Watu wenye fimbo nzito wanaoweza kusimama besi ya kwanza ni wengi. Wanaoweza kucheza shotistopu bila kuaibika ni wachache, kwa hiyo shotistopu anayepiga kawaida tu tayari ni mali.

Hapa Marekani uhaba huo umewekewa namba. Kwenye hesabu za FanGraphs, tovuti ya takwimu za besiboli, kwa msimu mzima wa mechi 162, shotistopu anaongezewa mikimbio, yaani alama za timu, 7.5. Besi ya pili na ya tatu, kila moja 2.5. Besi ya kwanza anakatwa 12.5. Sasa chukua wawili ambao kila mmoja ni mlinzi wa wastani kwenye nafasi yake. Wa besi ya kwanza, kwa fimbo, ameizidi ligi kwa mikimbio 20. Ukikata 12.5 anabaki na 7.5. Shotistopu amepiga kama wastani wa ligi, yaani sifuri, ukiongeza 7.5 anapata 7.5. Wamelingana! Mikimbio 20 ya fimbo imelipwa yote na mahali mtu anaposimama, na mikimbio kama 10 huhesabiwa kuwa ushindi mmoja.

Angalieni mitego. Aliyecheza mechi 81 apewe nusu ya nyongeza, isiwe yote. Namba za ulinzi nazo hulinganishwa ndani ya nafasi moja tu. Besi ya kwanza mwenye +5 kwa ulinzi hajamshinda shotistopu mwenye sifuri: 5 ukitoa 12.5 ni hasi 7.5, mwenzake ana chanya 7.5. Pengo ni 15.

Kwa nini shotistopu ni ghali? Tazama saa. Kutoka besi hadi besi ni mita 27.43, na mpigaji wa kawaida wa ligi kuu hufika besi ya kwanza kwa kama sekunde 4.3. Ndani ya muda huo mpira uburuze chini hadi kwa shotistopu, audake, auhamishe mkononi, aurushe. Kutoka besi ya tatu hadi ya kwanza ni mita 38.8, na shotistopu aliyevutwa kwenye pengo la upande wa besi ya tatu hukaribia umbali huo. Mpira wa kilomita 130 kwa saa hutumia kama sekunde 1.1 kufika. Wa kilomita 100 hutumia kama 1.4. Tofauti ni sekunde 0.3 tu, lakini mkimbiaji anakata zaidi ya mita mbili humo. Huyo ameshakanyaga besi.

Besi ya tatu anahitaji mkono uleule, ila eneo lake ni dogo na mpira unamfikia mapema. Kazi yake ni kuamua haraka. Ndiyo maana Alex Rodriguez, shotistopu mkubwa, alipohamia timu ya Yankees mwaka 2004 aliweza kuhamia besi ya tatu, kwa sababu Derek Jeter alikuwa ameshika ile ya shotistopu. Wa besi ya pili hurusha karibu, lakini kwenye auti mbili kwa mpira mmoja mara nyingi anapokea huku mkimbiaji anamjia mgongoni. Tena tangu 2023 sheria ya ligi kuu inataka wachezaji wawili kila upande wa besi ya pili, wote wanne miguu ikiwa ndani ya eneo la ndani, hivyo kule kulia hakuna wa kumsaidia kama zamani.

Sasa nisikilizeni vizuri, makocha. Namba hizi zimetoka kwenye viwanja laini na kwa watu wanaorusha kwa usahihi. Msizibebe nzima nzima hadi kwenye uwanja wa murram, ule udongo mgumu wa changarawe. Pale mpira unaruka vibaya na vijana wanarusha chini, na mimi ninasema besi ya kwanza hapo anapanda thamani sana. Kumweka pale mtoto mzito asiyejua kudaka ni kutupa auti ambazo shotistopu ameshazitafuta kwa jasho. Mrusho ukipotelea nje ya uwanja, mpigaji anapewa besi ya pili bure.

Mfundisheni hivi: mguu uguse ukingo wa besi, usikanyage katikati. Asijinyooshe mpaka aone mrusho unakwenda wapi. Wengi hujinyoosha mapema, mpira ukienda pembeni wamekwama. Mpira wa kudunda glavu ianzie chini kabisa, iende juu, kamwe isishuke kutoka juu. Mrusho usiodakika, aache besi akauzuie. Mkimbiaji besi ya kwanza ni hasara ndogo kuliko mkimbiaji besi ya pili.

Kupima vijana, tumia saa ya simu. Mpe kila mmoja mipira 20 ya kuburuza: mitano kulia kwake, mitano kushoto, mitano ya taratibu mbele, mitano ya kasi. Andika alifika au hakufika, alidaka safi au la, na muda tangu mpira uguse glavu yake hadi ufike kwa wa besi ya kwanza. Kwa Little League, ligi ya watoto, besi ziko mita 18.29, kwa hiyo msitumie sekunde za wakubwa. Halafu mechi zenu tatu zijazo, mtu mmoja akae na daftari ahesabu mipira mingapi imekwenda kwa kila nafasi. Kama wapigaji wenu wengi wanaugusa mpira taratibu tu ili uanguke karibu, besi ya tatu atakuwa na kazi kuliko jedwali la FanGraphs linavyosema, na hapo aende mwenye miguu ya haraka mbele.

Wa mkono wa kushoto msiwapange shotistopu, besi ya pili wala ya tatu, hata wakidaka vizuri vipi. Lazima wageuze mwili mzima kabla ya kurusha besi ya kwanza. Wapelekeni besi ya kwanza: glavu yao iko mkono wa kulia, upande wa uwanja, na wanarusha besi ya pili bila kugeuka. Video ijayo ni ya wadakaji. Mnitumie hesabu za daftari zenu, nafasi kwa nafasi, na aina ya uwanja mnaochezea.