Sogea Tukae: Nyumba Ikishapauliwa Ni ya Nani?

BARAKA: Dada Rehema, kuna ujumbe wa mama mmoja wa Mbagala umeninyima usingizi. Ameishi na mwenzake miaka saba, watoto wawili, nyumba ya vyumba vitatu imeshapauliwa. Juzi ameambiwa afungashe, eti hakutolewa mahari. Majirani wanamtuliza kwamba ukikaa na mtu miezi sita, tayari ni ndoa.

REHEMA: Hiyo miezi sita inaumiza watu, kaka Baraka. Haimo kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema miaka 2 au zaidi, na miaka peke yake haitoshi. Lazima muwe mmeishi mpaka watu wakawachukulia kuwa mume na mke.

BARAKA: Watu gani hao?

REHEMA: Balozi wa nyumba kumi. Mwenye nyumba mliyopanga mwanzo. Mashemeji waliokuja kukuuguza ulipojifungua. Kama msibani kwao alikuwa anakutambulisha "huyu mke wangu", waliosikia ndio mashahidi wako.

BARAKA: Akiwaleta, amekuwa mke?

REHEMA: Mahakama inachukulia hivyo mpaka mwanaume athibitishe vinginevyo. Na anaweza. Akileta cheti cha ndoa ya kanisani na mwanamke mwingine, na ndoa hiyo haijavunjwa, dhana ya ndoa, yaani huko kuchukuliwa kuwa mume na mke, inaanguka.

BARAKA: Basi mama wa watu ameula wa chuya!

REHEMA: Hapana, tulia. Kifungu kilekile kinampa haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kumpa nafuu nyingine kama zile za ndoa inapovunjika. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema, na inaniuma sana.

BARAKA: Na nyumba? Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina la mwanaume tu.

REHEMA: Jina halimalizi kesi. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, iwe fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kupika, kufua, kulea. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu ilionekana mumewe alishampa fedha, naye Bi Hawa akazitumia vibaya. Lakini mlango aliufungua yeye.

BARAKA: Kwa hiyo nusu kwa nusu?

REHEMA: Usiende na hesabu hiyo. Tazama Kenya, mwaka 2023: Mahakama ya Juu ilikataa kuwahesabu wawili kama wanandoa, mwanamke alikuwa na ndoa nyingine, lakini nyumba ikagawanywa, yeye asilimia 70, mwanaume 30. Kilichoamua ni nani alichangia nini.

BARAKA: Huyu mama aliniandikia kwamba mabati aliyanunua kwa mkopo wa kikoba.

REHEMA: Kaka, hilo ulipaswa kuniambia mwanzo! Daftari la kikoba lina tarehe na kiasi. Alipige picha leo, amwombe katibu wa kikundi na fundi aliyepaua wawe mashahidi, kisha aende baraza la usuluhishi la kata. Na asifungashe.