Kukagua Uwezo wa Chipu ya Michoro Kupitia Draiva ya i915 kwenye Linux

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunakagua yale ambayo i915, draiva ya michoro ya Intel ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, inayajua kuhusu chipu ya kompyuta yako.

Fungua terminali, andika lspci -nnk, kisha utafute mstari wenye maneno VGA compatible controller. Kwenye mabano ya mraba ya mwisho, 8086 ni Intel, 1002 ni AMD na 10de ni NVIDIA. Tarakimu zilizo baada ya nukta mbili ndizo zinazoitambulisha chipu yenyewe. Hapo chini imetajwa draiva inayotumika.

Sasa andika sudo cat /sys/kernel/debug/dri/0/i915_capabilities. Faili lisipopatikana, jaribu 1 badala ya 0, kwa kuwa namba ya kadi haifanani kila mahali. Katika kerneli za karibuni, habari za onyesho zimehamishiwa i915_display_capabilities. Itashuka orodha ndefu ya mistari inayoanza na has_, kila mmoja ukijibiwa yes au no.

Tuulize majibu hayo yametoka wapi, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Draiva huanza na jedwali lililoandikwa na wahandisi kwa kila kizazi cha chipu, lakini haiishii hapo: inapopakiwa husoma rejista (kihifadhi kidogo cha taarifa ndani ya chipu) iitwayo DFSM, inayoonyesha ni sehemu zipi zilizofungwa kwa fyuzi kiwandani. Kwa hiyo chipu mbili za kizazi kimoja zinaweza kutofautiana, moja ikiwa na DSC, yaani ule ubanaji wa picha kabla haijapita kwenye waya, na nyingine ikiwa imenyimwa. Ndiyo sababu unapoandika kodi unatumia makro ya HAS_DSC, yaani swali la moja kwa moja kama chipu ina DSC. Ukiuliza namba ya kizazi kupitia DISPLAY_VER peke yake, umeuliza umri wa mtu ili ujue kama anajua kuogelea.

Mwisho tugeukie skrini, ambayo nayo ina mipaka yake. Ingia /sys/class/drm, ufungue folda ya tundu lako, kwa mfano card0-HDMI-A-1, usome status (kama skrini imeunganishwa) na modes (vipimo vya picha inavyovikubali). Kisha andika wc -c < edid, ili kuhesabu baiti za edid, faili la maelezo ambayo skrini hutoa kujihusu. Ukipata 128, au 256 kama kuna nyongeza, skrini imejieleza. Ukipata 0 ilhali status inasema connected, badilisha waya kwanza, na adapta kama ipo, kabla hujaigusa draiva.