Mjomba Anataka Gari la Umeme

Mtwara kuchele! Kuchele, kuchele. Hamjambo ndugu zangu. Dada yenu nipo Sunderland, huku kaskazini-mashariki ya Uingereza, ni saa moja na nusu asubuhi na nimetoka zamu ya usiku kwa wazee wangu ninaowatunza kazini sasa hivi, kwa hiyo mkiona macho mekundu msianze kuandika kwamba nimelia. Nimekaa ndani ya gari maana ndilo gari lenyewe tunaloliongelea leo. Limewashwa hili. Hita inapuliza, redio ipo, na hamsikii ngurumo yoyote. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashuka nalisahau likiwa limewashwa, mpaka linilie bipu bipu kunikumbusha.

Kwanza, mjomba, shikamoo.

Mjomba wangu yuko Mikindani. Pesa ya korosho imeingia, na wiki iliyopita saa nane za usiku kanitumia picha sita WhatsApp na sauti ya dakika nne. Nissan Leaf, rangi ya fedha, inauzwa na dalali mmoja huko Dar. "Mpwa wangu, hili gari halinywi mafuta. Wewe si unalo? Niambie nilipie." Na nyuma ya sauti yake nasikia wenzake wa kijiweni wanasema mwulize na bei ya spea, mwulize na bei ya spea. Wazee wa kusini sio wajinga.

Sasa mliolelewa kusini mnajua. Na baba unaweza kubishana, mkanuniana, mkapatana. Mjomba akisema, kasema. Kumpigia simu nikamwambia hapana, hiyo sikuiweza. Nimeona bora nitengeneze video, aitazame na wenzake wote hapo chini ya mwembe, halafu waamue wenyewe.

Niwaambie kwanza kwamba mimi nalipenda gari hili. Kiwanda cha Nissan kipo hapa hapa mjini kwetu, kinatengeneza magari tangu 1986, na Leaf wakaanza kuzitoa hapa 2013. La kwangu ni la 2016, betri ya kilowati-saa 30. Kwa lugha ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, hizo ni yuniti 30, basi. Nililinunua pauni 5,200, mtumba wa mtumba. Halina oili ya kubadilisha, halina plagi, halina rejeta ya injini, halina ekzosi, halina mkanda wa taimingi. Kodi ya barabara ya mwaka kwa gari la umri huu ni pauni 20. Breki ni zile zile nilizolikuta nazo, kwa sababu ukiondoa mguu kwenye pedeli mota yenyewe inalivuta gari lipunguze mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kitu pekee kinacholiwa haraka ni tairi za mbele. Gari hili ni zito, lina karibu tani moja na nusu, na mota inasukuma ghafla kama mbuzi aliyekatika kamba.

Halafu hesabu ya umeme ndiyo inayomtia mjomba wazimu, na hapo simlaumu. Huko kwenu ukinunua umeme wa elfu moja kwenye tarifu ya kawaida unapata yuniti 2.8 hivi. Betri kama yangu ukiijaza toka chini, pamoja na kinachopotea njiani, ni kama elfu kumi na mbili. Kwa pesa hiyo mimi natembea kilometa 140 kukiwa na joto kidogo. Chukua Toyota IST ya petroli, tuseme inakwenda kilometa 14 kwa lita, na tuseme petroli ni elfu tatu kwa hesabu nyepesi: safari ile ile ni elfu thelathini. Tena mitambo ya Mtwara inaendeshwa kwa gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati, maana yake gari la mjomba lingetembea kwa gesi ya Msimbati. Gesi yetu wenyewe, kwa mara moja, ikatufikisha mahali.

Haya. Sasa zile picha.

Nageuza kamera, angalieni dashibodi yangu. Upande wa kulia kuna vijiti vikubwa, hivyo vinaonyesha umeme uliobaki leo, vinapanda na kushuka kama geji ya mafuta. Pembeni yake kabisa kuna vijiti vidogo vidogo. Mnaviona? Hivyo havihusiani na leo. Hivyo ni umri wa betri. Gari likiwa jipya viko 12. Cha kwanza kinazimika betri ikishapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na baada ya hapo kila kinachozimika kimeondoka na asilimia sita hivi. Na kikishazimika hakirudi. Langu lina 11.

Nikaichukua picha ya tatu ya mjomba, ile ya dashibodi, nikaivuta, nikahesabu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikahesabu tena.

Vinane.

Mjomba, hilo gari la kwenye picha ni lile la mwanzo, la betri ya yuniti 24. Likiwa jipya lilikuwa linakwenda kilometa 120 hivi. Likiwa na vijiti vinane limebaki na kama theluthi mbili ya uwezo au pungufu. Piga mwenyewe: kilometa 75, na hapo ni betri imejaa na unaendesha kistaarabu. Toka Mikindani mpaka Lindi mjini ni karibu 100. Utaishia Mingoyo, unatafuta vijana wa kukusukuma, na kwenye kituo cha mafuta pale pembeni hakuna cha kukusaidia isipokuwa soda.

Na Dar ni kilometa zaidi ya 550. Hiyo tusiijadili.

Kwa nini vijiti vinakwisha? Joto. Hapa ndipo nataka mnisikilize. Leaf zote za miaka hiyo, toka ya kwanza ya Desemba 2010, zile za yuniti 24, za 30, za 40, hata ya 62 iliyokuja 2019, betri yake haina mfumo wa kupoza kwa maji. Inategemea upepo tu unaopita chini ya gari. Magari mengine mengi ya umeme yana mabomba yanayozungusha maji ya kupoza ndani ya betri, kama rejeta ya injini. Hii haina. Mwaka 2012 watu wa Arizona, kule jangwani Marekani, walianza kulalamika kwamba vijiti vinadondoka wakati gari halijamaliza miaka miwili, na kampuni ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Gari langu limeishi kwenye baridi maisha yake yote, ndiyo maana lina 11. Mlete ndugu yake alale nje Shangani Januari, umchaji mchana juani, halafu tuzungumze. Mtwara sio Arizona, sawa, upepo wa bahari upo. Lakini usiku wa Mtwara nao haupozi kitu, nyie wenyewe mnalala barazani.

Kwa hiyo mtu akikwambia nauza gari la umeme, ujue anakuuzia betri yenye viti. Na angalia, wapo wajanja wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vijiti vyote 12 virudi kuwaka. Betri ni ile ile mbovu, vijiti ndiyo vipya. Dawa yake ni kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya stering, kinasoma kwenye simu kwa programu inaitwa Leaf Spy. Hata hicho usikiamini peke yake. Lijaze, liendeshe nusu saa, tazama asilimia zinashukaje.

Mwanangu mmoja hapo aliandika kwenye video iliyopita, dada, ukichaji nyumbani si unatumia soketi tu? Ndiyo, na plagi ya Uingereza na ya kwetu ni moja, miguu mitatu minene. Lakini mambo mawili. Moja, kwa soketi ya kawaida betri ya 30 inachukua zaidi ya saa 12. Ukifika Lindi, unalala Lindi. Pili, ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Kile kiboksi cha kuchajia kinapima waya wa ethi kabla hakijaruhusu hata tone la umeme kupita. Nyumba ngapi za kwetu zina ethi ya kweli? Fundi kachimbia msumari mfupi kwenye mchanga mkavu, kamaliza, kalipwa. Friji litafanya kazi, televisheni itafanya kazi, kiboksi kitawasha taa nyekundu na kukataa. Watu watasema gari bovu. Na msichajie kwenye ekstensheni ya kuuzia chipsi, saa 12 mfululizo, waya ule utayeyuka na godoro litafuata.

Magari ya Japani nayo yanakuja na waya wa plagi ya Kijapani, na dashibodi inaongea Kijapani, lakini hilo Watanzania tulishazoea toka enzi za redio za Corolla.

Sasa swali la kijiweni, spea na gereji. Niwasimulie yaliyonikuta.

Ilikuwa Desemba, baridi chini ya sifuri. Natoka zamuni, nabonyeza kitufe, dashibodi ikawaka taa zote kwa pamoja kama ukumbi wa harusi. Nyekundu, njano, kila kitu kinamulika. Halafu giza. Nabonyeza tena, giza. Jana yake nilikuwa nimelichaji likajaa. Nikaita gari la kuvuta, likalipeleka gereji moja kubwa, sitaitaja. Kijana wa pale shati jeupe, hana hata doa la grisi, hilo peke yake lingenishtua. Baada ya siku mbili akanipigia: chaja ya ndani imekufa, pauni 2,300 pamoja na kazi. Ndugu zangu, huo ni mshahara wangu wa mwezi na zaidi. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba bila koti. Niliwaza nimpigie nani, nikakumbuka nimemwahidi mama bati za nyumba ya Naliendele.

Nikalipia uchunguzi wao, nikalivuta tena mpaka kwa fundi mmoja wa Kipolandi ambaye mwenzangu wa kazini alinielekeza, anafanyia kazi uani kwake. Hakufungua kompyuta. Alifungua boneti, akachukua mita, akagusa ile betri ndogo ya volti 12, ile ile ya kawaida mnayoijua. Volti tisa. Akacheka. Pauni 85, dakika kumi, gari likaamka.

Mkae mnalijua hili. Betri kubwa ya chini haiwezi kuliwasha gari peke yake. Ile ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofunga swichi nzito za kuunganisha umeme mkubwa. Ndogo ikifa, kubwa ikijaa pomoni haisaidii. Kwenye gari la mafuta ungesikia stata inalia krr krr ukajua betri. Hapa hakuna kinacholia, unaona taa za harusi tu. Sijui kama yule kijana alinidanganya au alisoma alichoambiwa na mashine. Nasema tu mita ya bei ya chee ingetosha.

Toka hapo nimebadilisha tairi mbili na bushi za mbele. Hayo ndiyo matengenezo yangu yote. Lakini betri kubwa ikifa, bei yake inazidi bei ya gari zima, na hiyo siku nitaliaga.

Na kwa mafundi wangu wa Magomeni na Chikongola hapo Mtwara, nawaheshimu sana, mnafufua injini kwa waya wa kufungia mabati. Hapa tafadhali msijaribu. Ukiona waya wa rangi ya chungwa, toa mkono. Mle mna karibu volti 400, umeme mnyoofu, yaani DC. Kuna plagi ya kukatia umeme sakafuni katikati, na hata ukishaichomoa unasubiri dakika kumi kabla ya kugusa, kwa sababu kuna umeme unabaki umejificha. Babu yangu alibeba mizigo bandarini Mtwara, alikuwa anatusimulia mradi wa karanga wa Waingereza: bandari ikajengwa, reli ikapelekwa Nachingwea, matrekta yakashushwa, halafu karanga zikagoma. Reli ikang'olewa. Kila nikiona mtu anashusha gari mahali ambapo fundi wake hajapatikana namkumbuka mzee.

Mapya? Mapya ni matamu. Leaf mpya iliyozinduliwa 2025, inatengenezwa hapa hapa, sasa ina betri inayopozwa kwa maji, na ile kubwa ya yuniti 75 kwa kipimo cha maabara inapita kilometa 600. Wamechelewa miaka 15 lakini wamesikia. BYD za Wachina zimejaa hapa, betri zake hazina nikeli wala kobalti, zinavumilia kujazwa mpaka 100 kila siku. Kuna Renault 5, nzuri kama pipi. Serikali hapa inamchangia mnunuzi wa baadhi ya magari mapya hadi pauni 3,750. Mimi hayo nayasubiri yawe mitumba.

Basi mjomba, nimefikiria hivi. Wewe safari zako ni Mikindani, sokoni, msikitini, bandarini, shamba la Nanyamba mara moja moja. Hizo gari la umeme linaziweza. Lakini iwe ya yuniti 40, ya 2018 kuja mbele, na kabla haijapanda meli tupige hesabu ya ushuru kwenye kikokotoo cha TRA, watu wa mapato, na ile ya uchakavu, maana gari likizeeka kodi inapanda. Na wewe kabla ya yote muite fundi umeme apime ethi ya nyumba.

Jumamosi nina mapumziko, naenda Newcastle kuliona moja. Kifaa ninacho kwenye mkoba. Nikikuta betri iko chini ya asilimia 85 narudi na basi, nawaonyesha yote kwenye video. Ila mjomba, yule dalali wa Dar usimtumie advansi. Kama umeshatuma, nipigie leo leo kabla sijalala. Simu naiacha wazi.