Fedha za Kuzuia Ukatili wa Nyumbani: Mwaka Mmoja Hautoshi

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunikaribisha. Muda ni mfupi, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye fedha.

Tangu 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulishatamka kuwa ukatili ni tatizo la afya ya jamii. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 yanasema karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi mtendaji ni mwenza wake. Hapo hatubishani. Tunabishana kwenye bajeti. Mradi unapewa ruzuku ya mwaka mmoja, kisha mfadhili anauliza: "Kesi zimepungua?"

Kwenye daftari hazijapungua, zimeongezeka. Mara nyingi hiyo ni dalili njema, maana waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema. Mradi unanyimwa fedha pale pale ulipoanza kuaminiwa.

Mazoea ya watu hayafuati mwaka wa fedha. Kule Kampala, mradi wa SASA! uliwatumia wakazi wenyewe kuendesha mazungumzo kuhusu nani ana nguvu ndani ya nyumba na anaitumiaje, kwa karibu miaka mitatu. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikadiria kuwa vipigo kutoka kwa wenza vilikuwa pungufu kwa takriban nusu, ukilinganisha na maeneo yasiyofikiwa. (Sina ugomvi na fulana na semina, ila hazifanyi kazi hiyo.)

Halafu kuna manusura. Bango likishasema "Usinyamaze", lazima awepo wa kumsikiliza. Nenda kwenye zahanati utazame: muuguzi anauliza "Nani amekuumiza?" na mume amesimama nyuma ya pazia. Atajibu nini? Chumba chenye mlango unaofungwa ni gharama ya afya kama dawa ilivyo. Na dawa ya kukinga VVU baada ya kubakwa inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Aliyefanyiwa unyama Ijumaa usiku akaambiwa arudi Jumatatu, muda mwingi umeshampotea.

Ndiyo maana nikiletewa andiko la mradi, kabla ya malengo natazama mambo mawili: muda usiopungua miaka mitatu, na mshahara wa mtu wa zamu ya usiku na wikendi. Visipokuwepo, narudisha andiko kwa wenyewe wakalipange upya.