Kwa Nini Hamnioni Juu ya Deki

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, asalaam aleikum. Kila nikiweka video, swali linalorudi ni lile lile: kama kweli nafanya kazi melini, mbona sionekani juu ya deki, na mbona sina hata picha moja nikiwa na sare nyeupe? Wapo wanaosema nawadanganya. Wapo pia watakaosema kwamba nikijibu najisifu, na nikitaja shida nailalamikia riziki niliyoiomba mwenyewe. Najibu hata hivyo, kwa kuwa jambo hili linawahusu watu wengi kuliko mimi.

Mimi ni mtu wa chumba cha injini. Tukiwa katika bahari za joto, nyuzi huko chini hupita 40, na kelele hairuhusu kumsikia mwenzako hata akiwa begani pako, kwa hiyo tunaelewana kwa ishara za mikono. Kinachonikaa moyoni zaidi ni king'ora cha gesi. Moto ukishindikana, chumba hufungwa na kujazwa hewa ya ukaa, ambayo huuzima moto na vilevile humuua aliyebaki ndani. Ndiyo maana kabla ya vali kufunguliwa watu huhesabiwa jina kwa jina, na anayehesabu anajua kwamba akikosea amemzika mwenzake. Wanaoshuka zamu kila siku huku wakilijua hilo ni mashujaa, na sisemi hivyo ili mniweke mimi mbele.

Naishi Southampton, mji wa bandari huko Uingereza waliotoka mabaharia wengi wa Titanic. Katika bustani ya East Park upo mnara uliozinduliwa Aprili 1914 kwa ajili ya wahandisi wa meli ile, ambao hakuna hata mmoja aliyenusurika. Walibaki chini wakiendesha pampu na mitambo ya umeme, na taa zikaendelea kuwaka karibu hadi meli ilipozama, wengine wakapata mwanga wa kuteremshia mashua za kuokolea. Linaloniuma ni hesabu ya mshahara: kwa sheria ya wakati ule, meli ikipotea na mshahara wa baharia unakoma, kwa hiyo ujira wao ulihesabiwa hadi tarehe 15 Aprili 1912 na kuishia hapo. Mkataba wa kimataifa wa kumlipa fidia baharia ambaye meli yake imezama, hata kama fidia yenyewe iliweza kuwekewa kikomo cha mishahara ya miezi miwili, ulikuja kupitishwa mwaka 1920.

Msiniambie hayo yamepita. Juni 2024 meli iitwayo Tutor ilishambuliwa kwa boti inayoendeshwa bila mtu ndani yake katika Bahari ya Shamu, maji yakajaa chumba cha injini, na baharia Mfilipino aliyeaminika kuwa humo hakutoka tena. Wenzake waliokolewa.

Kuhusu pesa, nasema wazi: kabla sijapata chochote, wakala mmoja alinitoza ada ya kunitafutia kazi na kukaa na vyeti vyangu hadi nilipomaliza kulipa, na mpaka leo sijarudishiwa hata senti. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza ada hiyo. Gharama zinazoweza kuwa juu yako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama ya viza ni juu ya mwenye meli. Cheti chenyewe cha afya hakizidi miaka 2, na vyeti vingi vya kazi huhuishwa kila baada ya miaka 5, kwa hiyo anayedhani tunaogelea kwenye dola azipige hesabu hizo kwanza.

Siwezi kumwambia kijana yeyote aje au asije, kwa sababu kila mtu ana hali yake na familia yake, na yaliyonifaa mimi huenda yakamdhuru mwingine. Ila mzazi anayeniuliza kwa ajili ya mwanawe, naomba adai kwanza kuuona mkataba wenye jina na anwani ya mwenye meli, kisha ndipo azungumze na wakala.