Pampu ya Thouless na chembe zinazosukumana

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya namba moja tu: moja kamili.

Mwaka 1983 mwanafizikia David Thouless alijiuliza: elektroni zikiwa zimekaa kwenye safu ya mabonde ya nishati, nasi tukayabadilisha mabonde polepole mpaka yarudi yalivyokuwa, chaji kiasi gani itakuwa imepita? Hesabu yake ikatoa idadi kamili ya elektroni; mzunguko huo ndio tunaouita pampu ya Thouless. Si 0.98, si moja na ushei.

Chukueni bao. Mashimo yamepangwa mawili mawili, kila jozi ina kete moja, shimo la kushoto. Shimo la kulia linazama taratibu, la kushoto linainuka. Kete inahamia kulia. Kisha ukingo kati yake na jozi inayofuata unashuka, na kete inavuka. Ukilitazama bao, liko vilevile, ila kila kete imesogea jozi nzima. Mwaka 2016 watafiti wa Munich na wa Kyoto walitangaza kwamba wamelifanya jambo hili kwa atomu: mashimo yao ni mwanga wa leza, kete ni rubidiamu kule Munich na iterbiamu kule Kyoto.

Kinachohesabiwa ni namba ya Chern, yaani wimbi la kwanta, lile linaloeleza hali ya chembe, limejizungusha mara ngapi katika mzunguko mzima. Haina robo wala nusu. Kosea kidogo kina cha shimo hili au lile, haibadiliki, isipokuwa mwanya wa nishati unaoilinda, yaani tofauti kati ya hali ya chini kabisa ya mfumo na hali inayofuata juu yake, ufungike.

Lakini chembe halisi husukumana, na hapa ndipo somo linaponoga. Mwaka 1984 Qian Niu na Thouless walionyesha kwamba msukumano peke yake hauvurugi hesabu, mradi mwanya ubaki wazi. Kule ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, katika matokeo ya 2023, atomu za potasiamu ziliongezewa msukumano hatua kwa hatua: pampu ikastahimili, hadi msukumano ulipouzidi mwanya, hesabu ikavunjika.

Na kuna msukumano unaozaa jambo jipya kabisa. Mwaka 1982, ndani ya uga mkali wa sumaku, wanafizikia Tsui, Störmer na Gossard walipima namna elektroni zinavyopitisha umeme, na mahali pa namba kamili wakakuta theluthi! Robert Laughlin akaeleza sababu: elektroni zikisukumana na kujipanga kwa pamoja, mzunguko mmoja hupitisha theluthi ya chaji, kwa kuwa mfumo unaangukia hali nyingine yenye nishati ileile. Zipo hali tatu za aina hiyo. Uzungushe mara tatu ndipo urudi ulikotoka, na ukihesabu kilichopita, ni elektroni moja kamili.