Kipindi cha 41: Kamongo anapumua wapi?

NAFULA: Haya tumerudi. Kisumu mvua inanyesha tangu alfajiri, mkisikia mabati yanalia mtuvumilie. Okello ameanza kunisimulia kitu kwenye ngazi nikamwambia nyamaza kwanza, ngoja turekodi. Sasa sema.

OKELLO: Jumapili si nilienda kwa baba mdogo kule Yala, upande wa kinamasi. Tukaingia na mtumbwi kwa ile njia nyembamba, mafunjo yamekupita kichwa huku na huku, mzee anasukuma na pondo, na kila pondo ikizama kwa tope mapovu yanapanda, mengi, kama maji ya ugali yakianza kuchemka. Nikapiga kelele, kamongo, yule samaki wa tope!

NAFULA: Wewe kila kitu ni kamongo.

OKELLO: Wacha nimalize. Mzee akaniambia hapana, kamongo akija kupumua anatoa mdomo juu ya maji, utamsikia. Hii ni pumzi ya tope. Pumzi ya tope, Nafula! Hayo maneno nimetembea nayo wiki nzima.

NAFULA: Na mzee amesema ukweli. Mwaka 1776 Alessandro Volta, yule Mwitalia ambaye volti ya stima ina jina lake, alienda Ziwa Maggiore akavuruga tope na fimbo, akakusanya mapovu, akakuta hiyo hewa inashika moto. Ndiyo methani, gesi inayopasha dunia joto. Na ndiyo mada ya leo, ardhi za mboji, yaani vinamasi vyenye mimea iliyokufa ikarundikana bila kuoza yote, kule kaskazini, Siberia, Kanada, Ufini, Uskoti. Nimeandika mafunzo matatu hapa kwa karatasi.

OKELLO: Ilikuwa inanuka mayai viza.

NAFULA: Methani haina harufu. Hayo mayai ni haidrojeni salfaidi, zinatoka pamoja tu.

OKELLO: Sawa. Lakini niambie, kwa nini kamongo apande juu kupumua na yeye ni samaki, ngege hapandi?

NAFULA: Okello, muda.

OKELLO: Nijibu tu.

NAFULA: Ana mapafu. Na maji ya kinamasi yametulia, majani yanaoza mule yanamaliza oksijeni yote, akingojea ya majini atakufa. Sasa hapo hapo ambapo oksijeni imeisha ndipo vijidudu vinavyotengeneza methani vinapoishi, vyenyewe havitaki oksijeni hata kidogo.

OKELLO: Kwa hivyo kamongo ni kipimo! Ukimwona amepanda ujue chini methani inapikwa!

NAFULA: Si kipimo kamili… lakini ndiyo, unaelekea. Kule kaskazini hakuna kamongo, ni baridi, mmea unakufa hauozi ukaisha, unalaliwa na mwingine, mboji inapanda kama milimita moja kwa mwaka. Mita moja ni miaka elfu imelala hapo! Ardhi hizi zote za mboji ni kama asilimia 3 ya nchi kavu ya dunia lakini zimeshika kaboni kuliko misitu yote ikiwekwa pamoja. Mimi nikisoma hiyo roho inanishtuka.

OKELLO: Na hiyo gesi inatoka tu kwa mapovu?

NAFULA: Nyingine inapenya polepole kwenye maji, na juu kukiwa na oksijeni kuna bakteria wanaila kabla haijatoka. Nyingine inapita ndani ya nyasi za kinamasi, zina mirija, inapanda kama soda kwa mrija, hao bakteria hawaioni. Na joto likizidi vijidudu vinachapa kazi. Kule Minnesota, Marekani, walijenga vyumba visivyo na paa juu ya kinamasi cha mboji, wakapasha joto mpaka nyuzi 9 zaidi, na methani ikaongezeka.

OKELLO: Basi kikausheni hicho kinamasi. Baba mdogo amechimba mitaro pembeni akapanda nduma, hapo mapovu hakuna.

NAFULA: Mapovu hakuna lakini mboji imepata hewa, sasa inaoza inatoa kabonidayoksaidi mwaka baada ya mwaka. Na ikikauka inawaka. Urusi 2010 mboji iliyokaushwa iliwaka, Moscow yote ikawa moshi.

OKELLO: Ufini wamekausha zaidi ya nusu ya vinamasi vyao wakapanda miti wakauza mbao, sindio? Wamejenga nchi. Halafu mzee wa nduma nusu eka ndiye aambiwe aache?

NAFULA: Sijasema aambiwe na Ufini. Namwambia mimi, na nyanya yangu wa Busia alikuwa analima pembeni ya kinamasi hicho hicho bila kuchimba mtaro.

OKELLO: Nyanya yako hakuwa anatafuta karo ya watoto wanne.

NAFULA: Alikuwa na saba.

OKELLO: Zamani, Nafula. Karo ya zamani. Mimi nimeona ile nduma, nimeona pesa anayotoa pale, siwezi simama mbele yake nimwambie fukia mtaro.

NAFULA: Na mimi siwezi nyamaza. Mafunjo yakiisha maji ya mto yatachujwa na nini kabla hayajafika ziwani? Hao kamongo wako wataenda wapi?

OKELLO: Usiniguse na kamongo.

NAFULA: Nakugusa nao.

OKELLO: Hatutaelewana hapa.

NAFULA: Hatutaelewana. Na wale wa saa kumi na moja wanagonga mlango, wanataka chumba. Mafunzo matatu, hata la kwanza sijasoma. Nilitaka kusema methani haikai sana angani, kama miaka 12, lakini kwa miaka 20 ya kwanza inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kabonidayoksaidi—ndio tunatoka, dakika moja!

OKELLO: Jumamosi narudi Yala na chupa ya lita mbili, nikate kitako, nikusanye mapovu kama Volta.

NAFULA: Kiberiti uache nyumbani. Yale mafunjo yakishika moto hakuna wa kuuzima.

OKELLO: Njoo basi tupande mtumbwi pamoja. Na uongee na mzee mwenyewe.

NAFULA: Nitakuja. Saa ngapi?